Tawi Lisiloonja Jalidi

Vilma alikuwa mtu wa kusema kwa vyungu vya maua. Ukigombana naye, usingoje aje kukuomba radhi. Ungeamka asubuhi ukute kwenye ngazi ya mlango wako ua limefungwa gazeti lisipigwe na baridi, na hapo ujue yamekwisha. Mtu akifiwa, alipeleka jimbi la kijani lisilo na ua hata moja. Mtoto akizaliwa, alipeleka kikopo chenye kijiti kilichoanza tu kutoa mizizi. Alipotaka kumwambia mkwewe, mume wa binti yake Ivona, kwamba anaongea mno mezani, alimpa mmea ule wa majani marefu yaliyosimama wima, ambao watu wa kwao wanauita ulimi wa mama mkwe. Mkwe akacheka, akashukuru, hakuambulia kitu. Ivona ndiye aliyeelewa, na siku hiyohiyo alipiga simu kutoka mjini Brno, moto mmoja: "Mama, kwani huna mdomo?"

Mdomo alikuwa nao, wa kuongelea hali ya hewa, bei ya siagi, na nani kateleza kwenye barafu mbele ya kanisa. Likifika jambo lake mwenyewe ndipo ulimi ulipolala fofofo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na pale kijijini Lhotka hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia akisema nataka au sitaki. Ukimkaribisha kipande cha keki atakwambia, "Kinaonekana kizuri." Sasa anataka au hataki? Utajua mwenyewe.

Hata ndoa yake ilisemwa na tawi. Watu wa Moravia, jimbo la kwao, inapofika tarehe nne Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, hukata matawi ya mcheri yakiwa meusi na matupu, wakayaweka kwenye maji ndani ya nyumba yenye joto. Tawi likichanua kabla ya mkesha wa Krismasi, mwanamke aliyelikata ataolewa mwaka unaofuata. Vilma alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa na wachumba watatu, basi akakata matawi matatu, kila moja akalipa jina. La kwanza kuchanua lilikuwa la Jarek, fundi wa matrekta. Akaolewa na Jarek. Ivona aliwahi kumuuliza, "Lakini mama, wewe mwenyewe ulimtaka yupi?" Vilma akajibu, "Lilichanua la baba yako." Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Na ndoa ilikuwa njema, tusimsingizie. Miaka thelathini na minne. Miwili ya mwisho Jarek aliugua kitandani, akafa, na sasa ulikuwa umepita mwaka wa tisa.

Majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa yake Vilma. Wenzake walinung'unika kuanzia Novemba mpaka Machi, jua liko wapi, magoti yanauma. Yeye alihamishia bustani ndani ya nyumba. Maua ya kiangazi aliyalaza kwenye baraza la nyuma penye ubaridi, yasinzie. Vitunguu vya hayasinthi, yale maua ya kunukia, alivikalisha juu ya bilauri za maji, kila kimoja kikavishwa kofia ya karatasi ili kichipue gizani, na kizingiti kizima cha dirisha la sebuleni kilikuwa safu ya kofia nyeupe. Juu ya kabati lilikaa dungusi la Krismasi alilorithi kwa bibi yake, na hilo likishatoa matumba ilikuwa marufuku kulizungusha hata kidogo, maana hukasirika likayaangusha yote. Jikoni kulijaa vile vimaua vya zambarau vya milima ya Usambara, ambavyo wenyewe kule wanaviita dughulishi. Vilma alikuwa navyo vyungu kumi na vinne, na Usambara iko wapi hakuijua. Vilichanua tu, na yeye akaviita wanangu.

Saa tisa alasiri mwanga wa nje ulianza kugeuka samawati. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda. Hakuwasha taa. Alivuta kiti chake akakaa kati ya jiko la kuni na dirisha, kisogo kwenye joto, uso kwenye majani, akatulia. Vioo vilifunga ukungu kwa pumzi ya mimea. Harufu ya hayasinthi iliyotangulia kufunguka ilijaa taratibu mpaka mtu hakujua tena kama anainusa au anaiota. Barabara, kanisa, nyumba za jirani, vyote viliyeyuka nyuma ya kioo, na ikabaki sebule ile ya kijani ikielea peke yake duniani. Vilma aliweza kukaa hivyo saa nzima, macho nusu wazi, akisikiliza mizizi ikinywa maji. Usimwambie kwamba mizizi haina sauti. Yeye aliisikia.

Basi katika utulivu huo ndimo alimoingia Alois.

Alois alikuwa mgane wa miaka sitini na saba, mkewe Milada alifariki miaka minne nyuma. Miaka arobaini alikuwa mlinzi wa reli pale barabara inapokatisha reli, kazi yake kufunga kizuizi na kuhesabu mabehewa ya kila treni ajue imepita nzima. Alipostaafu, kuhesabu hakukustaafu. Alihesabu ngazi, alihesabu viazi kwenye sahani, na kanisani, Mungu amsamehe, alihesabu vichwa. Mwezi wa kumi alikuja kumsaidia Vilma kung'oa mizizi ya maua ya dalia kabla udongo haujaganda, na katikati ya kazi, koleo mkononi, akasimama wima kama anayetoa ripoti.

"Bi Vilma," akasema, "mimi kule nakaa peke yangu, na wewe hapa unakaa peke yako. Nimefikiri sana. Naona tungekaa pamoja. Kwa ndoa, si kwa uhuni."

Vilma alikuwa anakung'uta udongo kwenye mzizi ambao ulishakuwa safi kitambo. Aliendelea kuukung'uta.

"Bwana Alois, mambo haya…" akakwama. Kisha kikamtoka kile alichokizoea: "Tumwachie Mtakatifu Barbara. Nitakata tawi. Likichanua, basi."

"Na lisipochanua?"

"Lisipochanua, basi."

Alois akakuna kidevu. "Hizo basi zako mbili naona hazifanani," akasema, lakini hakubishana. Alivaa kofia yake, akamaliza tuta lote la dalia, akaenda zake.

Nyuma ya uzio alikuwapo Hedvika, jirani, mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye masikio ya sungura, ambaye kwa robo saa nzima alikuwa anafagia majani yaleyale. Kufika Jumapili mchana, Lhotka yote ilikuwa na habari. Dukani wanawake walimshika Vilma mkono kwa mikono miwili wakamtazama usoni, na mwenye duka akamzidishia mizani kwa makusudi, jibini nusu kilo ikawa na nyongeza. Neno lilikuwa limekwisha toka. Tawi la Vilma ndilo lingeamua, na kila mtu alijua.

Ila vuli ya mwaka ule haikuwa vuli. Mpaka Desemba inaingia, mvua na matope tu, mbu wanaruka, hakuna hata usiku mmoja wa jalidi. Na hapa ndipo penye siri ya kazi yenyewe. Tawi la mcheri lazima kwanza lipigwe na jalidi. Lisipoganda, tumba halijui kwamba baridi imekuja ikapita, basi linaendelea kulala, linalala mpaka linakauka. Mwaka wa joto namna ile huna budi kulihadaa. Unaliweka tawi kwenye friza siku mbili, unalilaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unaliponda kitako kwa nyundo ili linywe vizuri, unaliweka penye ubaridi kidogo, ndipo unalisogeza kwenye joto pole pole. Kijiji kizima hapakuwa na mtu wa kumfikia Vilma kwa kazi hiyo. Wanawake walimletea yao, wasichana na wajukuu zao pia, kwa sababu kwa Vilma tawi lilichanua, na kwao liligeuka kuni.

Mwaka huo aliletewa saba. Yote saba aliyafunga kwa taulo akayaingiza kwenye friza kati ya uyoga na maandazi ya plamu. La nane, lake, alilikata mwenyewe alasiri ya tarehe nne, peke yake, kwenye mcheri wa nyuma ya nyumba. Hakulitia friza. Hakulilaza kwenye maji. Alilichomeka moja kwa moja kwenye jagi la kijivu na kuliweka juu ya rafu iliyo kando ya jiko, mahali pakavu na pa moto kuliko pote ndani ya nyumba.

Alijua anachofanya. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye mwenyewe alitaka kulisahau. Alilikata tawi lile ili lisichanue.

Hakuwa anamchukia Alois. Aliogopa, hilo tu. Miaka ile miwili ya Jarek alimgeuza mume wake kitandani mara nne kwa siku, alimwosha, alimlisha kwa kijiko, akalala sikio wazi akisikiliza kama pumzi bado ipo. Alimzika mwanamume mmoja na nguvu za kumzika wa pili hakuziona popote mwilini mwake. Lakini kumtazama Alois machoni, mtu aliyemsafishia mfereji wa paa bila kuombwa, amwambie hapana? Hilo pia hakuliweza. Tawi lingesema kwa niaba yake. Nani atagombana na tawi?

Siku ya pili, saa tisa na robo kamili, mlango ukagongwa.

"Nimekuja kulitazama," akasema Alois.

Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake, akasimama mbele ya rafu mikono nyuma kama anayetazama treni ikipita. Akalitazama tawi kutoka chini hadi juu, midomo ikicheza.

"Kumi na moja," akasema. "Matumba kumi na moja. La chini limepinda."

"Utakunywa kahawa, Bwana Alois?"

"Nisikusumbue."

"Maji yamekwisha chemka."

Akakaa, akanywa, akasimulia hili na lile, saa kumi akaondoka. Kesho yake saa tisa na robo, tena. Keshokutwa, tena. Habari ya ndoa hakuitaja hata mara moja. Alilihesabu tawi lake, likatoka kumi na moja, akakaa. Aliuliza majina ya mimea, akayasahau, akauliza tena. Aliinua kofia moja ya karatasi akachungulia ndani na kusema, "Na huyu bwana, kofia ndani ya nyumba, adabu gani?" Vilma akacheka mpaka akashika ubavu, na hakukumbuka mara ya mwisho kucheka ndani ya sebule ile ilikuwa lini.

Siku nyingine alimsimulia habari ya behewa la machungwa. Zamani hizo machungwa yaliletwa wakati wa Krismasi tu, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Treni moja ilisimama kwa ishara pale kibandani kwake saa nzima, theluji inaanguka, na behewa moja lilikuwa limejaa machungwa. "Sikuyaona," alisema Alois. "Lilifungwa kwa lakiri ya risasi. Lakini harufu ilipenya, Bi Vilma. Nilisimama na taa yangu kwenye theluji nikainusa saa nzima. Treni ilipoondoka nikasahau kuhesabu. Mara moja tu katika miaka arobaini." Vilma alimsikiliza amefumba macho. Nje samawati ilizidi kukolea, ndani hayasinthi zilinukia, na yeye akaiona theluji ile na taa ile na kijana yule aliyesimama peke yake ananusa. Hawakuwasha taa mpaka kahawa ikapoa.

Tarehe kumi na mbili Alois alichelewa dakika tano. Dakika tano tu, barabara ilikuwa na utelezi. Vilma alikuwa ameshafuta ukungu wa dirisha mara tatu.

Ndipo alipojishika. "Mungu wangu," akasema kwa sauti, peke yake, kitambaa mkononi, "una nini, mwanamke wewe?" Akaenda kwenye rafu akaligusa tawi. Matumba yalikuwa magumu na makavu, kama yalivyokatwa.

Jioni hiyo alilitoa pale kando ya jiko. Alililaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Alilitia friza, akalitoa, akaliponda kitako, akalinyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni, na kila siku kabla ya saa tisa na robo akalirudisha kwenye jagi lisionekane kwamba limeguswa. Bure. Siku zilikuwa hazitoshi tena, na matumba yalishaungua na joto la jiko. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote Lhotka na bado alinyunyiza. Yale saba mengine kwenye chumba cha nyuma yalianza kuvimba, kisha yakatoa ncha ya kijani, kisha uzi mweupe. Lake lilikuwa palepale, kipande cha ufagio.

Siku moja alasiri usingizi ulimchukua kitini. Aliota sebule imechanua yote kwa pamoja, dungusi, hayasinthi, mpaka miguu ya meza, na Jarek ameingia anatafuta pa kukaa, lakini kila kiti kina chungu. "Umejaza viti vyote, Vilma," Jarek akasema, bila hasira. Akachukua chungu kimoja kutoka kitini, akakishusha chini taratibu, akatoka. Vilma alipofumbua macho ilikuwa karibu saa kumi, chumba kina giza la samawati, na Alois amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi.

"Tangu saa ngapi uko hapo?"

"Sijui," akasema Alois, na kwa mtu yule jibu hilo lilikuwa la ajabu. "Ulikuwa unacheka usingizini. Nikaona nisisogee."

Theluji ilianguka tarehe kumi na nane, na jalidi ikafuata nyuma yake, kali, ya kupasua ndoo. Imechelewa wiki mbili. Vilma aliitazama dirishani na machozi yakamtoka kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Wanawake walikuja kuchukua matawi yao, moja moja, yamechanua meupe. Wa mwisho alikuwa Hedvika, asubuhi ya mkesha wenyewe, kwa sababu Hedvika hupenda kuwa wa mwisho ili awe na la mwisho. Alilipokea tawi lake akaliinua kwenye mwanga. Jeupe kote, halina pa kuongeza.

"Weee! Shoga, una mikono wewe!" Kisha jicho lake likaangukia kwenye jagi la kijivu. "Na hilo?"

"Halikuchanua."

"Halikuchanua kabisa kabisa?"

"Unaliona."

Hedvika alimtazama. Alimtazama vizuri, macho mekundu, nywele zilizochanwa mara mbili, meza iliyotandikwa kitambaa kipya. "Chukua langu," akasema.

"Ati nini?"

"Chukua langu. Mimi tawi la nini? Nimeolewa mara mbili, zinatosha. Kila mwaka nalikata kwa mazoea tu."

"Ni dhambi, Hedvika."

"Mtakatifu Barbara ana shughuli zake, hawezi kuja Lhotka kukagua majagi. Na huyo mlinzi wa reli atajuaje? Wanaume wanajua maua? Marehemu wangu wa pili alimwagilia ua la plastiki miaka miwili, nami nikamwacha aendelee."

Vilma hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hedvika alimjua tangu utotoni, hakungoja. Alilichomoa tawi kavu akalisimamisha nyuma ya mlango kwenye ndoo ya miavuli, akalichomeka lake kwenye jagi, akajichotea konzi nzima ya biskuti za vanila kama malipo, akatoka akiimba. Vilma alibaki amesimama katikati ya sebule. Angeweza kuyabadilisha tena. Mchana kutwa angeweza. Alikaanga samaki wa mkesha, alichanganya viazi na mayai na matango ya siki, alipita mbele ya jagi lile mara ishirini. Hakuligusa.

Saa tisa na robo Alois aligonga. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi, maana zuri zaidi hakuwa nalo, na alikuwa amejikata kidevu kwa wembe. Akavua viatu. Akaenda kwenye rafu, mikono nyuma.

Alilitazama kwa muda mrefu. Midomo ilicheza.

"Kumi na tisa," akasema.

Vilma alishika mgongo wa kiti.

"Ni zuri," Alois akasema. "Ni zuri sana. Lakini silo. Langu lilikuwa na kumi na moja, na la chini limepinda. Nimelihesabu siku ishirini. Liko wapi?"

Vilma akaonyesha ndoo ya miavuli. Alois akaliendea, akalitoa, akalifuta maji kwa mkono wa koti la mazishi, akakaa nalo kwenye kigoda cha mlangoni, amelilaza magotini.

"Kwa hiyo halikuchanua," akasema. "Ungeniambia tu, Bi Vilma. Mimi si mtoto. Ukanionea huruma siku ya mkesha, ukaazima ua la watu. Ahsante. Lakini ndoa ya huruma siitaki, bora nile samaki wangu peke yangu."

Akavuta kiatu kimoja akaanza kukifunga kamba.

Vilma alitaka kufa. Aligeuka huku na huku katikati ya mimea yake yote, akitafuta. Kulikuwa na ua la kuomba radhi, la kushukuru, la kufiwa, la kuzaa. La jambo hili ni lipi? Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye hayasinthi iliyochanua kuliko zote, akaibeba na bilauri yake, akamnyooshea Alois, maji yakimwagika.

"Hapana," akasema Alois. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Leo usinipe chungu, Vilma."

Hakuwa amemwita hivyo hata siku moja, Vilma tupu bila Bi. Akakivuta kiatu cha pili.

"Sikulitia friza," Vilma akasema.

Alois akainua uso.

"Ya wenzangu niliyatia, langu sikulitia. Nililiweka kwenye moto wa jiko makusudi, likauke. Nilitaka lisichanue ili nisikwambie mimi mwenyewe. Halafu ukaanza kuja." Maji ya bilauri yalikuwa yanamdondokea miguuni. "Nilidanganya mwanzo ili nikukatae. Leo nimedanganya ili nikukubali. Sasa nenda kama unakwenda."

Nje mtu alipita akiburuta kigari cha kutelezea kwenye theluji, na kelele zikapotea.

"La friza nililijua," Alois akasema.

"Ulilijua?"

"Milada wangu alikuwa akiyaweka matawi kwenye friza juu ya nyama yangu ya nguruwe kila mwaka wa joto, tukagombana kila mwaka. Siku ya kwanza ile nilipoona umeliweka pale kwenye moto, nilijua. Nikasema, haya, nimekataliwa."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini siku zote ishirini?"

Alois alifikiri, tawi magotini, kiatu kimoja mguuni.

"Kahawa," akasema. "Halafu nikaona, aliyenikataa ni tawi. Wewe hujaniambia kitu bado. Nikasema nitakuja mpaka useme, moja au lingine."

Vilma aliiweka bilauri chini, sakafuni, palepale. Chumba kilikuwa kimejaa ile samawati yake na ile harufu yake, na kwa miaka mingi hapo ndipo alipokuwa akitulia, hapo ndipo hakuna aliyemuuliza kitu. Sasa mtu alikuwa amekaa mlangoni anamtazama na kungoja, na hakuonekana mwenye haraka.

"Naogopa," akasema. "Nitakuja kukuzika."

"Au mimi nikuzike wewe. Unadhani mimi siogopi? Milada nilimshika mkono mpaka ukapoa."

Samaki alikuwa anaungua jikoni na hakuna aliyesogea.

"Basi sema," Alois akamwambia taratibu. "Lolote. Mimi nitalipokea."

"Nataka," akasema Vilma.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na akashtuka kuisikia ndani ya nyumba yake. Alois aliinama akaanza kufungua kamba za kile kiatu.

"Nataka," Vilma akasema tena, ingawa safari hii hakuna aliyemuuliza.